Mbwa Wasipite Kabla ya Isha

Alasiri ya Jumatano moja, Kidawa binti Matano alikuwa nyuma ya nyumba yake, pale Baleni, kisiwani Mafia, akichekecha udongo. Aliuchimba kwa jembe lililovunjika mpini, akauponda kwa mchi, akaupitisha kwenye chekecheke mpaka vijiwe na mizizi ikabaki juu, kisha akaumimina katika chungu kilichopasuka mdomo. Shimo lenyewe lilianzwa na mdogo wake, marehemu Arafa. Arafa aliliacha linamfika mtu magotini. Sasa Kidawa akisimama ndani lilimfika mapajani.

Udongo ule ulikuwa wa kujioshea baada ya mbwa. Anayeguswa na mate ya mbwa, au na manyoya yake mabichi, huosha mahali palipoguswa mara saba, na mara moja katika hizo saba ni kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi, ndipo asimame kuswali. Baleni nzima ilijua hivyo. Lakini Baleni nzima haikuwa na haja ya kuweka chungu cha udongo uani, maana kazi ya kushika kamba za mbwa ilikuwa ya nyumba moja tu.

Mbwa walikuwa wawili, mali ya Mdachi mwenye shamba kubwa la minazi. Dume aliitwa Prinsi, mzee, mzito, jicho moja lina ukungu. Jike aliitwa Lota, mwembamba, rangi ya kumbi kavu la nazi. Kila siku ilibidi wazungushwe mpaka wote wa shamba, wakojoe kwenye vichaka na kuacha harufu yao, ili nguruwe mwitu wanaokuja kufukua mihogo na miche ya minazi wainuse na kurudi walikotoka. Kazi yenyewe haikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa katika saa ya kuifanya.

Hapo mwanzo mbwa walizungushwa mchana. Ikatokea Ijumaa moja ya masika, watu wamekaa barazani mwa msikiti wanangoja hotuba, Prinsi akapita amelowa chapachapa, akasimama mbele yao, akajikung'uta. Kanzu kumi na nne zikaingia najisi kwa mpigo mmoja. Watu kumi na wanne wakakimbilia kisimani kuosha mara saba saba, udongo wenyewe umeshakuwa tope, na waliobaki ndani wakahesabiwa wakaonekana hawatimii arobaini, idadi ya kuswalisha Ijumaa. Ijumaa ikavunjika. Ikaswaliwa Adhuhuri kama siku ya kawaida, na Mwalimu Shaibu akarudi nyumbani na hotuba yake mfukoni.

Basi Jumbe Mfaume akaenda kwa Mdachi, akarudi na makubaliano. Mbwa wasipite kabla ya watu kuswali Isha. Mdachi naye akaongeza lake, kwamba mpaka uzungukwe kila siku ya Mungu, mvua inyeshe au isinyeshe. Makubaliano yakampendeza kila aliyekuwepo barazani. Likabaki swali la nani atashika kamba. Wanaume wakasema wao wana swala ya jamaa ya Alfajiri, hawawezi kuamka na najisi. Mwanamke huswalia nyumbani, wakasema, ana wasaa wa kujiosha. Kamba ikapewa nyumba ya marehemu Matano, ambayo haikuwa na mwanamume wa kusema hapana. Ikapewa nyumba, si mtu, na hilo likatamkwa mbele ya watu.

Arafa aliishika mwaka mzima. Mwezi wa Mfungo Nane, mwaka ule wa nyota ya mkia, mbwa walirudi Alfajiri peke yao wakiburura kamba zilizokatika. Arafa alikutwa ziwani, upande wa machweo wa shamba, kifudifudi. Ikasemwa ni kiboko. Viboko wapo Mafia, hilo halina ubishi, na usiku hutoka majini kula majani. Bi Nunu, mwosha maiti wa Baleni, alimwosha, na wanawake waliomshikia maji waliona alikaa kwenye shingo muda mrefu kuliko mahali pengine. Sanda alitoa nokoa wa shamba, msimamizi wa kazi za Mdachi, Hemedi bin Ameir. Watu wakamshukuru.

Siku ya kuondoa matanga, Jumbe Mfaume alikuja na kamba amezishika kwa kipande cha kuti.

"Kidawa, mwanangu," akasema, "hizi ni za nyumba."

"Na nikikataa, baba?"

Jumbe aligeuza macho akamtazama Mwanahalima, mtoto wa Arafa, msichana wa miaka kumi na minne, aliyekuwa akipeta mchele uani na macho yamemvimba kwa kilio. Alimtazama muda wa kutosha. Kidawa akanyoosha mkono akachukua kamba, na tangu siku hiyo akajua kwamba usiku atakaoshindwa kurudi, au atakaoshindwa kwenda, kamba zitakuwa za Mwanahalima.

Ushauri haukukosekana, tena ulikuja kwa wingi. Jumbe Mfaume alimwambia asitoke bila fanusi. Mwalimu Shaibu alimwambia asome Ayatul Kursiy kila anapofika kona. Bi Nunu alimpa pilipili ya unga afunge kwenye pindo la leso, akamfundisha kukohoa kila baada ya hatua ishirini, ili yeyote aliyeko gizani ajue kuwa mwenzake yu macho. Mwingine akamwambia asivae bangili. Mwingine akamwambia avae, chuma hufukuza mashetani. Wanawake wa kisimani walimwambia atembee haraka, na mume wa mmoja wao akatuma salamu kwamba kutembea haraka ndiko kunakoamsha mbwa na nyoka. Kidawa aliyachukua yote. Mtu akiogopa hachagui.

Hata nokoa Hemedi alitoa lake. Walikutana kwenye kiwanja cha kukaushia mbata. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu yake haina doa, miguuni amevaa mitawanda, vile viatu vya mti vyenye msuruaki wa kushikia kwa vidole. Msuruaki wa watu wengine ulikuwa wa mti. Wake ulikuwa wa pembe, na akitembea hatua zake zilisikika ko, ko, ko tangu mtaa wa pili.

"Shikamoo, nokoa."

"Marahaba, Kidawa. Nimesikia umeshika kazi ya marehemu. Mungu akupe nguvu. Ukifika kwenye gogo, usishike njia ya juu, ina nyoka. Shika ya ziwani, ni fupi. Na fanusi uizime ukikaribia maji. Mwanga unawaudhi viboko."

"Ahsante, nokoa."

Ulikuwa ushauri mrefu kuliko wa wote. Kidawa alikwenda nao nyumbani, akaula na chakula cha jioni, na haukumteremka.

Wiki mbili za mwanzo alipita njia ya juu na hakuona nyoka. Usiku wa Baleni ni mzito. Taa ya mwisho ni ya msikiti, nayo huzimwa watu wakishatoka, na baada ya hapo minazi huziba hata ule mwanga mdogo wa nyota. Kidawa alikwenda na fanusi mkono wa kulia, kamba mbili mkono wa kushoto, pilipili kiunoni, aya kinywani. Alikohoa. Aliogopa tangu nyumba ya mwisho mpaka anarudi kuiona tena, na akifika nyumbani alijiosha mara saba mikono na miguu, akaswali, akalala mgongo umeegemea mlango.

Usiku wa Alhamisi ya wiki ya tatu alifika kwenye gogo la mnazi pale njia zinapogawanyika. Juu ya gogo palikuwa na mitawanda miwili, imepangwa sambamba, visigino vinatazama njia, kama viatu vya mtu aliyeingia msikitini. Kidawa alishusha fanusi. Msuruaki ulikuwa wa pembe.

"Leo usiguse hata njia ya ziwani," akasema Lota. "Yupo."

Kidawa alimtazama. Mbwa alikuwa amekaa kitako, masikio mbele, akitazama gizani. Prinsi alikuwa anakojolea kichaka.

"Nani yupo?"

"Mwenye hivi viatu. Amejificha nyuma ya mkorosho wa pili. Anapumua kwa mdomo."

Lafudhi yake ilikuwa ya Baleni tupu, ila neno moja moja lilikuwa na utamu wa Jibondo, kwa sababu mpishi wa Mdachi alikuwa mtu wa huko na ndiye aliyezungumza naye zaidi. Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyechoka. Kidawa aliona kwamba hakuna wakati wa maneno mengi, lakini lilikuwapo moja asiloweza kuliacha.

"Wewe umejua kusema tangu lini?"

"Tangu usiku wa Arafa. Kabla ya hapo sikuwa na la kusema."

"Na usiku ule mbona hukusema?"

"Nilibweka," akasema Lota. "Nilibweka mpaka Alfajiri. Mlifunga madirisha."

Kidawa aliukumbuka usiku ule. Aliamka kwa makelele, akasema mbwa hawa wanabwekea nyota, akanyoosha mkono akavuta dirisha akalikomea, akalala tena. Aliukumbuka hata ubaridi wa komeo. Akaanza kulia hapo hapo njiani, hana mkono wa kufutia machozi kwa sababu mmoja una fanusi na mwingine una kamba.

"Utalia nyumbani," akasema Lota. "Sasa geuka, shika njia ya juu, na usikimbie."

Wakageuka. Nyuma yao jani kavu likavunjika, kisha kimya, kisha jingine.

"Hatua sitini nyuma yetu," akasema Lota.

Kidawa akakohoa.

"Kohoa kwa nguvu zaidi. Hamsini."

"Yuko peku?"

"Peku. Ndiyo maana humsikii. Arubaini na tano. Usigeuze kichwa."

Aya aliyoisoma Kidawa tangu utoto ikampotea katikati, akawa anarudia maneno matatu ya mwanzo tu. Prinsi alianza kunguruma chini kwa chini. Kwenye kona ya mihogo fanusi iliyumba, kivuli cha Kidawa kikaruka juu ya njia, na nyuma yake mtu akasafisha koo taratibu, kama anayetaka kuitikia kikohozi.

"Nisikilize," akasema Lota. "Usiku ule mtungi wa nyumbani kwenu ulikuwa mkavu. Arafa akaona bora ajioshe ziwani, arudi twahara, aswali. Akachimba udongo pale ukingoni, akatufunga kwenye mnazi. Alikuwa ameshaosha mara nne. Huyu akamwita, hakuitika. Akamshika, Arafa akamng'ata. Akapiga kelele mara mbili. Huyu akamkandamiza shingo majini mpaka akanyamaza, kisha akaenda kuvaa viatu vyake. Sisi tulitafuna kamba mpaka kunakucha. Kwa hiyo, Kidawa, usitufunge. Hata ukiwa na najisi mwili mzima. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Arubaini. Amesimama. Naiona nyumba ya mwisho."

Kidawa alifika, akaingia, akakomea. Hakuna aliyempa ushauri wa kutofunga mbwa. Ulikuwa ndio ushauri pekee wenye maana na umetoka kwa mbwa.

Kulipopambazuka alikwenda kwa Jumbe Mfaume, akamkuta anapiga mswaki kizingitini.

"Shikamoo, baba. Mbwa wa Mdachi amesema."

"Marahaba. Yupi?"

"Lota."

"Amesema nini?"

Kidawa akamweleza. Jumbe akatema mate, akasuuza kinywa, akasema jambo kama hilo linataka baraza, na baraza lazima liwe baada ya Isha kwa kuwa shahidi haruhusiwi kupita mapema. Mpishi akapeleka habari kwa Mdachi. Mdachi akasema siku zote alijua kuwa Lota ana akili, akauliza kama mbata zimekauka.

Baraza likakaa usiku ule ule, kwenye kiwanja cha mbata. Zilikuja fanusi kumi na moja. Watu walikaa upande upepo unakotoka, hatua kumi kutoka kwa mbwa, mate yasije yakawarukia. Wanawake walikaa nyuma. Lota alikaa juu ya makumbi makavu, Kidawa amemshika kamba, Mwanahalima yuko ubavuni mwa mama yake mkubwa. Hemedi alikaa mbele, karibu na Jumbe, mahali pake pa siku zote, mitawanda yake ameivua na kuiweka kando ya mkeka.

Lota akasema. Alisema yote kama alivyoyasema njiani, bila kupaza sauti, akianzia kwenye mtungi mkavu na kuishia kwenye kamba. Alipofika kwenye kelele mara mbili, Mwanahalima alijifunika uso kwa leso. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza alijilamba pua akanyamaza, na watu wakasogea nyuma kidogo.

"Hemedi," akasema Jumbe. "Umesikia."

"Nimesikia sauti," akasema Hemedi. "Mimi sina desturi ya kujibizana na mbwa."

"Hakukana," akasema Kidawa. "Jamani, mmemsikia? Hakukana!"

"Kidawa, mwanangu, taratibu. Ushahidi wa mbwa hatuujui katika mji huu. Yuko mtu aliyeona? Mtu mwenye kanzu au mwenye leso?"

Fanusi zilitoa moshi. Kidawa akageuka nyuma akamtafuta Bi Nunu kwa macho mpaka akampata.

"Bi Nunu. Shingo ya Arafa."

Bi Nunu alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe. "Mwosha hasemi alichokiona kwa maiti," akajibu kwa sauti ndogo. "Hiyo ni amana, mwanangu. Nitaulizwa kesho kwa Mola."

Na ni kweli ndivyo ilivyo, mwosha hasemi, watu wote walitikisa vichwa kukubali. Kidawa alihisi hasira inampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Bi Nunu alikuwa amempa pilipili. Alimpa pilipili kwa sababu alijua.

Ndipo mzee Shamte, aliyekuwa akisinzia tangu mwanzo, akainua mkono. "Mwalimu Shaibu, mimi nina suala. Sisi tuliosikia maneno yaliyotoka katika kinywa cha mbwa, masikio yetu yana hukumu gani?"

Loh! Baraza zima likaamka. Lilikuwa swali ambalo mtu angeweza kulijibu. Wengine walisema maneno ni pumzi, pumzi ya mbwa ina unyevu, basi na masikio yameguswa. Wengine wakauliza kama aliyesikia kwa sikio moja ataosha moja au yote mawili. Kijana mmoja alitaka kujua hali ya atakayesimulia jambo hili kesho yake kwa mwenziwe ambaye hakuwepo. Walizungumza muda mrefu kuliko Lota alivyozungumza, na jina la Arafa halikutajwa tena.

Mwalimu Shaibu alikuwa mtu aliyesoma. Alisubiri kelele zitulie, akasema kwamba sauti haina umajimaji, na kisicho na umajimaji hakinajisi. Masikio yao hayana neno. Hilo alilisema wazi na alikuwa sahihi. Kisha macho yake yakakutana na ya Hemedi, ambaye ndiye aliyetoa mikeka mipya ya msikitini, na mwalimu akarekebisha kilemba.

"Lakini anayetaka kujihadhari," akaongeza, "kuosha hakudhuru."

"Basi tujihadhari," akasema Jumbe Mfaume, na akainuka.

Udongo safi uliochekechwa ulikuwa mahali pamoja tu, na kila mtu alipajua. Wakaenda wote kwa Kidawa na fanusi zao, wakapanga mstari uani kuanzia kwenye shimo mpaka nje ya ua. Hemedi alipewa nafasi ya kwanza, yeye ni nokoa. Mwanahalima aliambiwa ashike kata amwagie watu maji, akashika. Alimmwagia Hemedi mara saba sikio la kulia, mara saba la kushoto, udongo ukateremka shingoni mwake ukachafua ukosi wa kanzu. Bi Nunu alikuwa wa tatu. Mzee Shamte aliosha na ndevu.

Mwanahalima alipofika katikati ya mstari, alisimamisha kata hewani.

"Baba Jumbe," akasema. "Mama mkubwa mmemwambia ashike fanusi, akohoe, afunge pilipili. Nokoa mmemwambia nini?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye kata, tone moja moja.

"Mtoto," akasema Jumbe, "mwaga maji, watu wamechoka."

Akamwaga. Walipokwisha, chungu kilikuwa kitupu, kimekwanguliwa mpaka chini, na Kidawa hakuwa na udongo wa kujiosha yeye usiku ule. Yeye na Mwanahalima ndio pekee katika Baleni ambao hawakuosha masikio. Tangu siku ile, kisimani, wanawake walivuta mitungi yao pembeni kidogo wanapofika hao wawili, si kwa ubaya, kwa kujihadhari tu.

Makubaliano nayo yakaongezwa neno. Mbwa wasipite kabla ya Isha, na wakipita, jike afungwe mdomo kwa kamba mpaka avuke nyumba ya mwisho, ili wenye madirisha wazi wasilazimike kuosha tena. Kidawa akaifunga kamba hiyo kila usiku mbele ya watu, fundo la kuvuta, na baada ya nyumba ya mwisho akaivuta ikafunguka.

Usiku wa kwanza baada ya baraza mitawanda ilikuwa juu ya gogo, sambamba, kama usiku wa Alhamisi. Kidawa alisimama mbele yake muda mrefu. Hofu ilikuwa palepale kifuani, haikupungua hata chembe. Lakini safari hii palikuwa na kitu kingine pembeni ya hofu.

"Lota," akasema. "Lamba."

Lota akalamba. Alianza na wa kulia, juu na chini, akalamba msuruaki wa pembe mpaka ukang'aa kwenye fanusi, kisha akahamia wa kushoto. Prinsi naye akaja akasaidia. Huko nyuma ya mkorosho mtu alivuta pumzi kwa nguvu lakini hakutoka.

Asubuhi, watu wakitoka kuswali Alfajiri, mlango wa Kidawa ulibishwa. Alikuwa Hemedi, hakuwapo kwenye swala ya jamaa, mitawanda ameishika kwa jani la mgomba mbali na kanzu.

"Kidawa. Nina haja ya udongo kidogo."

Kidawa alikuwa na shoka mkononi, nyuma ya mlango. "Umekwisha, nokoa. Mmeuoshea masikio."

Hemedi akaenda kisimani. Akapiga magoti, akachimba kwa vidole, akachekecha kwa kiganja, akaosha mtawanda wa kwanza mara saba, akaosha wa pili mara saba, akaosha miguu. Watu walikuwa wanapita na mitungi.

"Pole, nokoa."

"Nimeshapoa."

Hakuna aliyeuliza viatu vya nokoa vilikuwa wapi baada ya Isha hata mbwa avilambe. Walijua wapi. Wakateka maji yao wakaenda. Naye alipomaliza aliingia msikitini, akaswali peke yake, na Adhuhuri alikuwa safu ya mbele.

Usiku uliofuata aliweka mitawanda pale pale, kwa kuwa mtu hawezi kufuata mwanamke kimya kimya na viatu vya mti, na nyumbani wake zake wangeuliza anakwenda wapi peku. Lota akailamba. Asubuhi akaosha. Ikawa hivyo siku baada ya siku, Rajabu ikapita, Shaabani ikaisha. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, shimo la Hemedi pale kisimani lilikuwa linamfika kwenye kifundo cha mguu. Wanawake waliokuja kuteka maji walikuwa wamezoea kulizunguka, na mmoja wao aliyeteleza akaumia goti aliambiwa na Jumbe awe anatazama anapokanyaga.

Usiku wa kwanza wa tarawehe watu walichelewa kutoka, na taa ya msikiti ikachelewa kuzimwa. Kidawa alikaa kizingitini akisubiri. Mwanahalima alimfungia pilipili kwenye pindo, akampa fanusi iliyojazwa, akakaa nyuma ya mlango na lile shoka mapajani. Dirisha lao waliliacha wazi. Tangu usiku wa gogo hawakulifunga tena.

Taa ikazimwa. Kidawa akashika kamba, akapita nyumba ya mwisho, akavuta fundo.

"Yupo?" akauliza.

"Yupo."

"Hatua ngapi?"

Lota alinusa upepo. "Thelathini na nane."

"Jana?"

"Thelathini na tisa."

Kidawa akakohoa, akainua fanusi, akaenda.